Huyu jamaa alipandishwa na ngano, siyo na upanga

Ukisoma habari za Marcus Valerius Maximianus, kamanda wa Kirumi wa karne ya 2, mahali popote, cha kwanza utakachoambiwa ni kwamba alimuua Valao, mkuu wa Wanaristi, kabila la ng'ambo ya mto Danube, kwa mkono wake mwenyewe, vita ikiwa imepamba moto. Na kweli alimuua, hakuna anayebisha, imechongwa kwenye jiwe. Na ni stori tamu, jamaa anamwangusha mkuu wa maadui, Kaisari anamsifu mbele ya watu, anapewa farasi na silaha, baadaye anakuwa seneta, anakabidhiwa legioni sita, yani vile vikosi vikubwa vya jeshi la Roma, anamalizia na ukonsuli, cheo cha juu cha serikali ya Roma, picha imeisha watu wanarudi nyumbani. Shida yangu iko kwenye mpangilio wa hiyo stori. Inatufanya tuamini jamaa alipanda kwa upanga, wakati lile jiwe lenyewe ukilisoma mstari kwa mstari linakuonyesha kwamba kabla ya Valao kulikuwa na mashua, na kwenye mashua kulikuwa na chakula, na bila kile chakula hakuna legioni ambayo ingekuwa na nguvu ya kumkimbiza Valao wala kuku.

Jiwe lenyewe lilisimamishwa Diana Veteranorum, leo panaitwa Zana, kaskazini mwa Algeria, upande wa Batna. Ni mji wa askari wastaafu, na wenyewe wanasema pale kwenye jiwe kwamba walichangishana hela kulisimamisha. Msomi wa Kifaransa Hans-Georg Pflaum alilichapisha mwaka 1955, na tangu hapo watu wa historia ya Roma hawajaacha kulirudia, maana ni nadra sana kupata sivii (wasifu wa kazi) ya mtu wa karne ya 2 imekamilika namna ile, kazi moja baada ya nyingine.

Tuanze alikotoka maana hapo watu huwa wanaruka. Kwao ni Poetovio, mji ambao leo ni Ptuj kule Slovenia, wakati ule ni jimbo la Pannonia. Baba yake, jina hilohilo, alikuwa mkubwa wa mji, alishika uongozi wa halmashauri na ukuhani pia, kwa hiyo msije mkadhani tunaongelea mtoto aliyetoka shamba na jembe begani. Familia ilikuwa nazo. Ila zilikuwa za kimkoa, na Roma ilikuwa na ngazi zake. Juu kabisa walikaa maseneta, watu kama 600 hivi, na ili uingie huko mali yako isipungue sesterce 1,000,000. Chini yao ndo wanakuja wale wanaoitwa kwa Kilatini equites, mimi nitawaita maekwite, hao kiwango chao ni 400,000. Ukitaka kuona hizo namba zina uzito gani, askari wa mguu wa legioni alikuwa analipwa sesterce 1,200 kwa mwaka, yani ili afikie kiwango cha ekwite inabidi afanye kazi miaka 333 bila kutumia hata senti. Na tofauti ya ekwite na seneta ulikuwa unaiona kwa macho kabisa, kwenye nguo, kanzu ya ekwite ina mstari mwembamba wa zambarau na ya seneta ina mstari mpana. Shikeni hiyo ya mistari, tutairudia.

Wasomaji wa Biblia kuna ekwite mmoja mnamjua siku nyingi ila hamkuambiwa cheo chake, ni Pontio Pilato. Yule liwali wa Uyahudi alikuwa mtu wa tabaka hili hasa, la kati, mtu wa kupewa mkoa mdogo wenye kelele nyingi na vikosi vya wasaidizi, siyo legioni. Legioni zilikaa Shamu, chini ya seneta. Na hiyo ilikuwa ndo sheria, hata kama unaweza kuiita desturi, kamanda wa legioni ni seneta basi. (Legioni ni ilelile ya Gerasi, "jina langu ni Legioni, kwa kuwa tu wengi", watu kama 5,000.) Sehemu moja tu ilikuwa tofauti, Misri. Kule Augustus alikataza seneta hata kukanyaga bila ruhusa, legioni za Misri zikawa chini ya ekwite, na sababu kubwa ni ileile nitakayoirudia leo mpaka mchoke, ngano. Anayeshika ngano ya Misri anaweza kuishika Roma koo, sasa kwa nini umpe mtu mwenye ndoto za ukaisari?

Haya, kijana wa Poetovio anaanza kama ekwite yeyote. Anapewa kikosi cha Wathrakia, halafu kikosi cha Wahamii, wapiga mishale waliokuwa asili yao ni Hama, Syria, halafu anapelekwa kusimamia pwani ya Ponto, kwenye Bahari Nyeusi, kaskazini mwa Uturuki ya leo. Anatunukiwa nishani kwenye vita vya Waparthi, dola ya upande wa Iran ya leo. Hapo sina la kusema sana, maekwite kibao walipita njia hiyo, wakarudi kwao wakajenga nyumba kubwa na kuwapandisha wenzao presha kwenye vikao vya halmashauri. Kama mambo yangeenda kawaida na yeye angerudi Ptuj awe kama baba yake na leo nisingekuwa naandika habari zake.

Mambo hayakwenda kawaida. Jeshi lililorudi kutoka kwa Waparthi karibu mwaka 166 lilirudi na ugonjwa, wengi wanadhani ni ndui, ukasambaa kila mahali na kambi za jeshi ndo kabisa, si mnajua watu wanavyolala wamebanana kambini. Na wakati kambi zinapukutika, ng'ambo ya Danube Wamarkomani na Wakwadi na wenzao wakaona mwanya. Karibu mwaka 170 wakapenya mpaka Italia kwenyewe, wakauchoma mji wa Opitergium, wakauzingira Aquileia. Italia! Sehemu ambayo haikuwa imeona adui wa nje wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka 200. Marcus Aurelius, Kaisari mwenyewe, hela imeisha, akatoa vitu vya ikulu vikapigwa mnada kwenye uwanja wa Trajan pale Roma, vyombo vya dhahabu, mpaka nguo za hariri za mke wake. Huwa najiuliza walionunua walikuwa wanazivaa wapi zile nguo.

Katika hali hiyo ndo Kaisari anamchagua Maximianus, na jiwe linasema wazi kwamba alichaguliwa na Kaisari mwenyewe na kutumwa kwenye mstari wa mbele wa vita vya Ujerumani. Kufanya nini? Kushusha kwa mto Danube chakula cha majeshi ya Pannonia zote mbili, ya Juu na ya Chini. Basi. Hiyo ndo kazi ya kwanza kubwa ya huyu shujaa wetu, upakiaji mizigo.

Msicheke. Pigeni hesabu ya harakaharaka tu. Askari mmoja anakula nafaka kama kilo moja kwa siku, tuseme pungufu kidogo. Pannonia mbili zilikuwa na legioni nne za kudumu, hapo tayari unaelekea tani 20 kwa siku, hujagusa vikosi vya wasaidizi ambavyo vilikuwa vingi tu, hujagusa shayiri ya farasi, mafuta, divai ile chachu waliyokuwa wanakunywa na maji. Mwezi mmoja hizo legioni peke yake ni tani kama 600. Ukisema ubebe kwa mkokoteni wa ng'ombe, ng'ombe anatembea taratibu, naye anataka kula, na kadri safari inavyokuwa ndefu ndivyo anavyokula sehemu ya mzigo aliokuja kuuleta, barabara yenyewe imeshatekwa kipande na nusu ya waswagaji wako wameugua. Mto unakuondolea hayo yote. Mashua moja inabeba mzigo wa mikokoteni mingi na maji yenyewe yanakusukuma kushuka. Tatizo ni kwamba ukingo wa pili wa huo mto ndo amekaa adui mwenyewe, anakuona unapita na magunia. Na majira ya baridi Danube inaganda, mashua hazipiti na adui anavuka kwa miguu, kuna pigano moja na Waiazyge, kabila jingine la ng'ambo, lilipigwa juu ya barafu kabisa, askari wa Kirumi wakaweka ngao zao chini wakakanyagia mguu mmoja ili wasiteleze. Kwa hiyo una miezi kadhaa tu ya kujaza maghala kabla mto haujafungwa, ukizembea wiki tatu, watu wanakufa njaa mwezi Februari na hakuna wa kumlaumu zaidi yako.

Ndo maana angalia alichopewa kufanyia hiyo kazi. Alipewa wanamaji kutoka vikosi vya meli vya Misenum na Ravenna, halafu na wa kikosi cha meli cha Uingereza, hao wote wanatolewa baharini wanaletwa mtoni. Juu ya hapo akapewa askari wa farasi wa Kiafrika na Wamauri, waliochaguliwa kwa ajili ya upelelezi ndani ya Pannonia. Yani mtu mmoja, ekwite wa mkoani, kamanda wa vikosi vya kawaida mpaka jana, leo ana mabaharia wa bahari tatu na wapelelezi wa Afrika Kaskazini, wote wanaongea lugha zao, na anatakiwa ahakikishe gunia la ngano linafika kabla barafu haijafika. Kwangu mimi hapa ndo jamaa alipoonekana. Upanga unaonekana siku moja, mtu wa ghala anaonekana kila asubuhi kambi inapoamka inataka kula, na Kaisari aliyekuwa anakaa kambini mwenyewe miaka ile (yale maandishi yake ya kujisemesha, mengine aliyaandika akiwa kwa Wakwadi hukohuko) alikuwa anakula kutoka kwenye maghala hayohayo.

Ndipo sasa anakuja Valao. Maximianus kapewa kikosi cha farasi cha Waaravaci, asili yao Hispania, na akiwa nacho anamuua mkuu wa Wanaristi kwa mkono wake. Kaisari anamsifu hadharani, anampa farasi na nishani na silaha. Sibezi. Kumkaribia mkuu wa watu vitani na kumuua, na wewe ni kamanda, hiyo ni roho ya peke yake, na Warumi walikuwa na kumbukumbu ya zamani sana ya makamanda waliowaua wakuu wa maadui kwa mikono yao, walikuwa wanaizimia kweli hiyo stori. Ila jiulizeni mbona Kaisari aliihitaji wakati ule. Tauni, mnada wa ikulu, Aquileia imezingirwa juzi tu, watu wanataka habari njema. Valao alikuja kwa wakati. Ukiniuliza, tukio la Valao lilimpa Kaisari sababu ya kusema hadharani kile ambacho alikuwa amekishajua faraghani, kwamba huyu ni mtu wa kazi. Baada ya hapo anapanda levo ya nne ya utumishi wa jeshi wa maekwite, levo ambayo wachache walifika, anapewa kikosi cha farasi 1,000 wenye mikuki mirefu ya kushika kwa mikono miwili.

Mwaka 175 ndo kinatokea kisa ninachokipenda kuliko vyote. Avidius Cassius, gavana wa Shamu, anajitangaza Kaisari. Marcus Aurelius anaacha vita vya Danube anageuka mashariki, na Maximianus anapewa askari wa farasi awapeleke kuadhibu uasi. Askari gani? Wamarkomani, Wakwadi na Wanaristi. Wanaristi! Watu wa Valao. Aliyemuua mkuu wao ndiye anawaongoza sasa hivi, wanapanda farasi nyuma yake kutoka Ulaya ya kati kuelekea Asia kwenda kupigana na Warumi wenzake. Hebu waza hiyo safari, jioni wamewasha moto, kuna jamaa amekaa pale alikuwepo siku ile Valao anaanguka, na bosi wake ndiye huyohuyo. Kwa nini walimkubali? Nadhani kwa sababu kwao aliyemuua mkuu wa vita uso kwa uso alikuwa mtu wa kueleweka kuliko karani aliyeletwa kutoka Roma. Na pengine upanga ulimsaidia zaidi hapa kuliko pale Kaisari alipomsifu. Cassius mwenyewe hakufika mbali, aliuawa na watu wake kama miezi mitatu tu baada ya kuasi.

Kwa safari hiyo alipewa hadhi ya mshahara wa sesterce 100,000 kwa mwaka, ambayo ukigawa kwa mshahara wa askari wa mguu unapata askari 83. Halafu wanamwongeza, anakuwa prokureta, yani mshika hela za Kaisari, jimbo la Moesia ya Chini. Mshika hela! Na huku ni mshika hela wanamtuma hapohapo na vikosi akawafukuze majambazi wa Kibrisei mpakani mwa Makedonia na Thrakia. Kwa hiyo asubuhi anakagua kodi mchana anawinda majambazi. Baadaye Moesia ya Juu, baadaye Dacia Porolissensis, kaskazini mwa Romania ya leo. Kila penye moto wanamtupa yeye.

Sasa tufike kwenye ile mistari ya zambarau. Karibu mwaka 178 Kaisari alikuwa na kitendawili. Ana mtu anayeijua Danube kuliko seneta yeyote, anajua mto, anajua maghala, anajua adui mpaka anawaongoza, na vita ya pili ya Ujerumani imeanza. Anataka kumpa legioni. Lakini legioni ni ya seneta. Kuna njia mbili, ubadilishe sheria au umbadilishe mtu. Marcus akambadilisha mtu. Alimwingiza Seneti moja kwa moja na kumhesabu kama tayari ameshawahi kuwa pretori, cheo cha chini ya konsuli, yani zile ngazi zote ambazo mtoto wa seneta anazianza akiwa na miaka kama 25, ukwestori, na zinazofuata, anasubiri, anapiga kampeni, anahonga kidogo, zote zikarukwa kwa kalamu moja. Jana mstari mwembamba, leo mstari mpana. Mtu ni yuleyule, kichwa ni kilekile, anachojua ni kilekile.

Watu wanaliita hili ushahidi kwamba Roma ilipandisha watu kwa uwezo. Mimi nasema nusu. Kama uwezo ndo ulikuwa kigezo, usingehitaji kumvalisha mtu nguo nyingine ndo umpe kazi ambayo tayari ulishajua anaiweza. Na usisahau baba yake, zile 400,000, askari wa kawaida mwenye akili kama yake angeishia uakida tena kwa bahati. Hata mwenzake wa kizazi hikohiko, Pertinax, ambaye kweli alitoka chini, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, mwalimu wa shule kabla ya kuingia jeshini, hata yeye bila mtu wa kumshika mkono asingefika. Alianguka kabisa kwenye kazi Dacia, akafutwa, aliyemrudisha ni Claudius Pompeianus, mkwe wa Kaisari, ambaye naye hakuwa wa ukoo wa kiseneta, ni mtoto wa ekwite wa Antiokia. Wageni wakibebana. Na Pertinax alipopata ukonsuli mwaka 175, mwanahistoria Cassius Dio anasema wapo walionung'unika kwamba ametoka familia isiyojulikana, wakawa wanamrushia mstari wa tamthilia ya zamani, kwamba hayo ndo mambo yanayoletwa na vita. Hao waliosema hivyo walikuwa na roho mbaya, ila kwenye maelezo hawakukosea. Ni vita. Vita na tauni vilipunguza watu wa juu, mabenchi yakabaki wazi, ndo wakaitwa watu wa mikoani.

Kwa hiyo sasa zile legioni sita. Kwanza I Adiutrix, kambi yake Brigetio, Hungaria ya leo (ileile ambayo Pertinax aliwahi kuiongoza, sijui kama askari wazee walikuwa wanalinganisha). Halafu II Adiutrix, Aquincum, hapo ni Budapest. Halafu V Macedonica na XIII Gemina kule Dacia, I Italica kwenye Danube ya chini upande wa Bulgaria, na mwisho III Augusta, Afrika. Seneta wa kawaida alikuwa anaongoza legioni moja, miaka miwili mitatu, anaondoka. Huyu ana tano ndani ya kama miaka mitano, ukiacha ile ya Afrika. Kila anayeandika anahesabu hizo sita kama heshima. Mimi nikiziangalia naona mtu anayehamishwahamishwa kama kiraka. Hakukaa mahali askari wakamzoea, wakaanza kumwita baba, wakampigia kelele za ukaisari. Na baada ya uasi wa Avidius Cassius nani angewalaumu wakubwa kwa kuogopa hilo?

Mfano mwingine upo, na ni wa Afrika. Lusius Quietus, mkuu wa Wamauri, askari wake wa farasi wamechongwa kwenye nguzo ya Trajan wakiwa na nywele za kusuka, Kaisari Trajan alimpandisha mpaka useneta na ukonsuli kwa kazi aliyofanya vitani. Trajan akafa mwaka 117, mwaka uliofuata Quietus akauawa pamoja na wakonsuli wastaafu watatu, Kaisari mpya, Hadrian, ndo kwanza anaanza. Pertinax naye, aliutwaa ukaisari tarehe 1 Januari 193, walinzi wa ikulu wakamuua tarehe 28 Machi, siku 87. Vita inawapandisha hawa watu, amani ikija wanabaki juu peke yao bila ukoo nyuma yao. Maximianus hakuuawa kwa sababu, naona mimi, hakuruhusiwa kukaa mahali muda wa kutosha awe tishio, na yeye pia hakuonekana kuutaka huo muda.

Ila legioni ya pili hiyo, II Adiutrix, nayo imeacha kitu. Majira ya baridi ya mwaka 179 kuingia 180 alilala na askari wake Laugaricio, zaidi ya kilomita 100 kaskazini ya Danube, ndani kabisa kwa adui, leo ni Trenčín, Slovakia. Wakachonga maandishi kwenye mwamba. Ushindi wa Makaisari (wawili, Marcus na mwanawe Commodus), jeshi lililokaa Laugaricio, askari 855 wa legioni ya II, na jina la kamanda aliyeagiza ichongwe. Hakuna maandishi ya Kirumi ya kaskazini zaidi ya hapo kwenye eneo lile la Ulaya ya kati. Na ni lile jiwe la Algeria, linalotaja kwamba aliongoza vikosi vilivyolala Laugaricio baridi ile, lililokuja kuthibitisha ya kwenye mwamba wa Slovakia, mabara mawili yanaungana kwa mtu mmoja.

Hao 855 walikaa kule ili iweje? Mpango ulionekana kuwa kuishika ile nchi moja kwa moja. Halafu tarehe 17 Machi 180 Marcus Aurelius anafariki, Commodus ana miaka 18, anafanya amani, majeshi yanarudi kusini ya mto. Ukitaka kujua lojistiki ina maumivu gani, fikiria huyu mtu aliyetumia karibu miaka kumi kujua namna ya kulisha jeshi mpaka pale juu kabisa, kafanikiwa, wamelala baridi nzima hawajafa njaa, halafu barua inakuja, rudini. Wengine wanamlaani Commodus kwa hilo. Mimi siko huko sana, hazina ilikuwa tupu na tauni haijaisha, labda kijana alikuwa sahihi kwa sababu zisizo sahihi.

Maximianus alitumikia tu. Commodus akampa nishani, akampeleka Numidia karibu mwaka 183, legioni ya III Augusta, kambi ya Lambaesis, na huko kamanda wa legioni ndo gavana. Ndo hapo wastaafu wa Diana wakachangishana. Na tusiwe watoto, unapomchongea gavana wako jiwe huwezi kuchonga siku mashua zilipozama au ghala lilipooza. Ile ni sivii, sivii haina makosa. Tunachojua ni walichotaka kukumbukwa nacho, ndo maana mimi naamini zaidi mstari wa mashua kuliko mstari wa Valao, maana hakuna anayejisifia magunia kama magunia hayakuwa kazi kweli.

Ukonsuli aliupata, karibu mwaka 185 au 186, lakini ule wa kujazia, wa miezi michache katikati ya mwaka. Warumi waliuita mwaka kwa majina ya wakonsuli wawili wa Januari. Hakuna mwaka ulioitwa kwa jina lake. Karne iliyofuata, miaka ya 260, Kaisari Gallienus akaacha kabisa kuwapa maseneta majeshi, wakawa wanapewa maekwite hivyohivyo walivyo, na mstari wao mwembamba, hakuna aliyehitaji kubadilishiwa kanzu tena.

Ule mwamba wa Trenčín leo uko nyuma ya hoteli, chini ya ngome, na ukitaka kuusoma unaingia hotelini unachungulia dirishani. Ukuta wa jiwe, herufi kubwa, namba ile ya Kirumi, DCCCLV. Valao hayumo.